Safari ya Ziwani ya Watu Wawili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tabora)



Kamati imetuomba tuseme habari za likizo, na jinsi mtumishi awezavyo kuitumia. Tumechagua kusema habari za safari tuliyoifanya katika Ziwa Tanganyika mwezi wa Oktoba mwaka 2013, sisi wawili, mume na mke, ndani ya meli ya Liemba, tokea Kigoma mpaka Mpulungu katika nchi ya Zambia, na kurudi. Aliyeyaandika maneno haya ni mmoja, lakini yalisomwa na wote wawili kabla hayajaletwa hapa, na yale ambayo mmoja wetu hakuyakubali yamefutwa. Kwa hiyo mtatuwia radhi tukisema "sisi" kila mahali, hata pale ambapo mmoja wetu alikuwa amelala.

Ninyi nyote ni watumishi, nanyi mwajua hesabu za uhamisho. Hata kufika mwaka ule tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka 26, na katika hiyo miaka 11 tulikaa mbali mbali, kila mtu na kituo chake, mmoja karani wa hesabu, mwingine mwuguzi. Likizo zetu zilikwenda katika misiba, arusi za ndugu, na kuwapeleka watoto shuleni. Hatukumbuki likizo hata moja ambayo tulikaa siku 5 mfululizo bila ya kuwa na shughuli ya mtu mwingine. Walakini hatukusafiri kwa ajili ya kustarehe tu. Mmoja wetu alibakiza mwaka mmoja apate kiinua mgongo chake, na mwingine alikwisha kupata chake; na jambo la kujenga nyumba ya uzeeni lilikuwa limekaa kati yetu kama jiwe la jikoni. Mume ni mtu wa Unyanyembe hapa, mke ni mtu wa Kirando, pwani ya Ziwa katika Ufipa. Kila tulipolisema neno lile nyumbani, mara mgeni akabisha hodi, au mmoja wetu akasingizia usingizi. Tukaona heri tuende mahali ambapo hakuna mlango wa kutokea.

Mtu wa Tabora akienda Ziwani afuata njia ya babu zake. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa, ikagawanyika, mingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na mingine ikaelekea magharibi mpaka Ujiji. Na mabega yaliyobeba mizigo ile yalikuwa zaidi ya Wanyamwezi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tokea hapa mpaka Kigoma ni kilometa zipatazo 400, na mtu aliyeketi dirishani huyaona yote yaliyokuwa taabu ya wazee: misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua iliyojaa mizinga ya nyuki, mto Malagarasi na vinamasi vyake, ambako misafara ilivushwa kwa mitumbwi baada ya kutoa hongo, na Uvinza penye chumvi, ambayo ilikuwa ikichukuliwa mbali sana hata kabla ya Waarabu hawajafika. Tulilala, tukaamka, tukanunua mihogo ya kuchemsha, na Ziwa likatokea upande wa chini.

Sasa tuseme habari za meli yenyewe, maana wengi waliipanda bila kuijua. Ilijengwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hata Dar es Salaam na kwa reli hata Kigoma. Huko ikaungwa tena kwa misumari ya ribiti, ikashushwa majini tarehe 5 Februari, 1915, kwa jina la Graf von Götzen, ambaye alikuwa Gavana wa Kijerumani. Vita ilipowageukia, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Malagarasi tarehe 26 Julai, 1916. Lakini mafundi waliyapaka mashini mafuta mazito kwanza, kama mtu afungaye sanduku akijua kwamba atarudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, nalo ni jina la Ziwa hilo ambalo Livingstone aliambiwa na wenyeji wa upande wa kusini mwaka 1867. Mashini zake za mvuke zilitolewa katika miaka ya 1970 zikatiwa za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wengi kwao Kongo, na mwaka 2015 ikawatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga hata Kigoma. Urefu wake wapata meta 71. Chombo kilichozama kikafufuka kikafanya kazi karibu miaka 90 hakistahili kudharauliwa kwa kuwa rangi yake imebabuka.

Tuliondoka Kigoma siku ya Jumatano alasiri. Tulikuwa na chumba kidogo chenye vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, beseni la kunawia, na dirisha la mviringo. Jambo la kwanza tulilolijadili katika safari hiyo ya mapumziko lilikuwa ni nani alale juu. Mwenye magoti mazima alilala juu, hatutamtaja. Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba watu waliokaa miaka mingi katika nyumba ya vyumba vinne hawajui kwa hakika jinsi mwenziwe avaavyo viatu. Katika chumba kile mmoja alipovaa viatu ilimpasa mwingine apande kitandani au atoke nje. Basi tukaweka zamu, na zamu ile ilishikwa kwa haki kuliko zamu nyingi tulizoziona maofisini.

Meli haina haraka. Hapo ndipo penye utamu wake, na wanachama waliozoea kutazama saa watateseka siku ya kwanza. Asubuhi tulikunywa chai katika chumba cha kulia, mchana tulikula wali na samaki, jioni samaki na wali, na katikati hapakuwa na kazi ila kuketi katika sitaha na kuitazama nchi ikipita. Kushoto kwetu milima ya Mahale ilishuka mpaka majini, imefunikwa na misitu wakaamo sokwe. Kulia, mbali sana, palikuwa na mstari wa buluu, ndiyo milima ya Kongo. Chini ya ubao tuliokanyaga palikuwa na maji ambayo kina chake mahali pengine ni meta 1,470. Hakuna ziwa duniani lililo refu chini kuliko hilo ila Baikal, katika nchi ya Urusi. Mmoja wetu alipoambiwa hivyo alivisogeza viti vyetu mbali na ukingo, kana kwamba meta 10 zisingetosha kumzamisha.

Usingizi wa usiku, walakini, haukuwa mwingi. Kati ya Kigoma na Kasanga meli ilikuta vijiji vingi sana visivyo na gati. Ilisimama mbali na pwani, ikapiga honi, na hapo mitumbwi na mashua ilitoka gizani kwa mashindano, yenye watu, kuku, magunia ya dagaa, vitanda, mabati na watoto wachanga. Taa kubwa ya meli iliwamulika. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa, na watu waliotaka kupanda walikutana na watu waliotaka kushuka, kila mmoja akiona kwamba haki ni yake. Tulimwona mwanamke mmoja akimkabidhi baharia mtoto wake kabla hajajua jina la baharia yule, kisha akapanda yeye. Baada ya nusu saa kelele zilikatika, mitumbwi iliachia, na Ziwa likanyamaza. Ukitazama mbali wadhani kuna mji mkubwa umewasha taa zake majini. Kumbe ni wavuvi wa dagaa na karabai zao. Tulikaa tukiutazama mji ule usio na ardhi mpaka baridi ikatufukuza.

Kukaa watu wawili katika chombo kimoja si jambo jepesi, na Ziwa hilo lina ushahidi wake. Burton na Speke walifika hapa Tabora, wakati ule mahali pao paliitwa Kazeh, mwezi wa Novemba 1857, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Mmoja alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, na wa pili karibu kipofu. Juu ya hayo mdudu alimwingia Speke sikioni katika kisiwa kimoja, akamwumiza muda mrefu. Wakaenda kwa mitumbwi hata Uvira, wakaketi pamoja mvuani, na katika shida ile hapakuzaliwa upendo. Speke alipotoka hapa Tabora akaenda kaskazini peke yake, akaliona Ziwa kubwa la Nyanza, ugomvi wao ulianza nao haukwisha. Speke alikufa mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya wao kusimama mbele ya watu kushindana kwa maneno.

Sasa wawalinganishe na wawili wengine. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, mwezi wa Novemba 1871, Mirambo alikuwa ameifunga njia ya moja kwa moja ya kutoka Tabora, ndiyo sababu Stanley alizunguka kusini. Baada ya siku chache walipewa mtumbwi na Said bin Majid, wakavutwa kwa makasia mpaka mwisho wa Ziwa upande wa kaskazini, watazame kama mto Rusizi huingia au hutoka. Waliona kwamba huingia. Safari ile ilichukua kama siku 28, nao wenyewe waliifananisha na matembezi ya tafrija. Mmoja alikuwa na miaka 58 na mwingine 30. Kijana alipopata homa, mzee alimwuguza. Usiku mmoja wevi waliingia mtumbwini wakachukua vitu, hata sukari ya Daktari, nao hawakulaumiana. Kisha wakaja hapa pamoja, wakakaa Kwihara, ambako tembe yao imehifadhiwa, na mwezi wa Machi 1872 wakaagana wasionane tena.

Twapenda kuongeza neno hapa, kwa kuwa vitabu hulipita upesi. Mtu mmoja aliwajua wote hao, naye ni Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa Bara Hindi, akarudi akawa mkuu wa wapagazi na mkalimani. Alikwenda na Burton na Speke, baadaye na Stanley, na baadaye na Cameron aliyekizunguka kipande cha kusini cha Ziwa mwaka 1874. Lau angaliandika, tungalijua ni neno gani lililowafanya wale wakachukiana na hawa wakapendana. Mzungu huandika juu ya mtumishi wake; mtumishi huwa hana karani. Watumishi wa Serikali walipopata kalamu mambo yalianza kubadilika: Martin Kayamba, mmoja wa waanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, alipokwenda Uingereza mwaka 1931 aliandika kitabu chake mwenyewe cha safari hiyo.

Alhamisi mchana tulisimama mbele ya Karema. Mahali hapo Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879, na mwaka 1885 likaingia mikononi mwa Mapadre Weupe. Sisi tulipatazama kwa sababu nyingine, na hasa yule mwuguzi wetu, aliyesimama muda wote meli ilipokuwa pale. Ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, aliyezaliwa mbali huko karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, na mwaka 1889 akaletwa hapo. Alioa huku, akatibu watu wa pwani ile mpaka alipokufa mwaka 1956. Yaani katika kituo kimoja, miaka 67, bila barua ya uhamisho. Mmoja wetu alisema, "Huyo alibahatika." Mwenziwe akajibu, "Au alikataa." Tukanyamaza, maana tulijua sote kwamba hatukuwa tukisema habari za Atiman.

Usiku ule tulifika Kirando. Tulikuwa tumepiga simu, na tulimwambia Mama asitoke, kwa kuwa umri wake ulipata miaka 80 na mawimbi yalikuwa makubwa. Alitoka. Taa ya meli ilipoimulika mashua ya mjukuu wake tulimwona ameketi katikati, amejifunga kanga mbili, ameshika kikapu. Hakutaka kupanda. Mashua ilipanda na kushuka pamoja na mawimbi, hata mara uso wake ukawa karibu nasi na mara ukawa chini sana. Mkwewe akamwamkia kwa adabu impasayo, naye akaitikia, akauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, kana kwamba amekaa ukumbini kwake. Kisha akatoa kikapu cha migebuka ya kukaushwa, akasema: "Mnarudi Jumamosi. Mniambie siku hiyo kama mtajenga huku au kwenu. Sisemi jengeni wapi. Nataka kujua kama nipande muhogo."

Wanachama wenzetu, mwajua muhogo hukaa shambani zaidi ya mwaka. Mtu anayejua kwamba atachukuliwa kwenda Tabora hapandi muhogo.

Asubuhi tulipita Kasanga, boma la Wajerumani lililoitwa Bismarckburg, na kabla ya adhuhuri tukatia nanga Mpulungu. Za Mpulungu hatuna nyingi. Tulionyesha vyeti vyetu, tukatembea sokoni, tukaona dagaa zile zile tulizokuja nazo zikiuzwa kwa fedha nyingine. Meli ilipakia mizigo mpaka alasiri, nasi tukarudi sitahani mapema kuliko ilivyotupasa.

Jioni ile tulilifungua jambo letu, kwa desturi ya makarani. Tulipata karatasi ya kufungia biskuti, tukaigawa kwa mstari, upande mmoja Tabora, upande mmoja Kirando, na kila mtu akaandika haja zake bila kumwonyesha mwenziwe. Upande wa Tabora ulijaa: kiwanja kilichokwisha kupimwa, makaburi ya wazee, miembe, mizinga 14, hospitali iliyo karibu, jamaa wa Chama hiki, na mengine. Upande wa Kirando ulikuwa na mistari mitatu: maji, samaki, Mama. Tuliisoma karatasi ile mara nyingi. Mwenye orodha ndefu alianza kueleza kwamba mtu mzee huzoea mahali papya, kwamba Tabora nako kuna samaki wa kukaushwa, kwamba Mama atapata matibabu. Yote hayo yalikuwa kweli, wala hayakubishwa. Mwenye orodha fupi alisema maneno haya tu: "Miaka 11 tulikaa mbali kwa kuwa barua ilisema. Sasa nani ataandika barua?"

Hatukulala upesi. Upepo wa kusini ulitusukuma, na chumba kiliyumba, hata aliyelala chini akasikia aliyelala juu akigeuka kila mara. Karibu na alfajiri aliyelala juu alishuka, na ilimbidi aliye chini akunje miguu, kama ilivyokuwa sheria ya chumba kile, akaanza kufungasha vitu katika mifuko miwili badala ya mmoja. Hapakusemwa mengi. Magauni yaliingia mfuko huu, mashati mfuko ule. Karatasi ya biskuti iliingia mfuko wa mashati.

Kirando meli ilipiga honi bado kuna giza. Mama alikuwa katika mashua kama kwanza. Mmoja wetu alishuka na mfuko wake kwa ngazi ya kamba, baharia amemshika mkono mmoja na mjukuu mwingine. Aliyebaki mlangoni aliinama, akapaza sauti kwa kuwa mashine zilivuma, akasema, "Mama, panda muhogo." Akajibu, "Nilipanda jana."

Aliyebaki alikwenda Kigoma peke yake, akifika Jumapili, akarudi Tabora kuumaliza mwaka wake wa kazi. Kutengana huko kulikuwa kwa 12, na ndiko pekee tulikojiandikia wenyewe. Mwaka 2014 alimfuata mwenziwe. Tulijenga Kirando vyumba viwili na baraza inayotazama maji. Kiwanja cha Tabora tungali nacho, na mizinga yake, ndiyo sababu mwatuona hapa kila msimu wa asali. Mama aliishi miaka 5 tena. Muhogo ule aliula, akatugawia.

Waliotuuliza kama nao waweze kuifanya safari hiyo, jibu letu ni hili. Baada ya miaka ile Liemba iliondolewa katika kazi ipate matengenezo makubwa, kwa hiyo mtu asifunge mizigo kwa kutegemea maneno yetu. Aulize kwanza Kigoma. Sisi twaenda na kurudi kwa njia ya Mpanda na Namanyere, na katika basi hakuna kitanda cha juu wala cha chini, wala mtu hashindani zamu ya viatu. Atakayepata chombo cho chote Ziwani achukue blanketi, taa ya mkono, na kitabu kirefu, asichukue saa. Tena wakienda wawili, wachague mapema nani atalala juu.

Bwana Mwenyekiti, tumeambiwa wako wanachama wenye maswali juu ya nauli na juu ya migebuka. Yale ya nauli yamekwisha kupitwa na wakati. Ya migebuka tu tayari kuyajibu, na kikapu kiko mlangoni.